Maswali Kabla ya Mashine

Mama akishaketi mbele yangu, swali la kwanza huwa halihusu titi. Namuuliza ni nani hupokea ile simu aliyoandika namba yake kwenye fomu. Mara nyingi ni ya mume au ya kijana wake, na si kila mama anataka majibu yake yasikiwe na mwingine kabla yake. Tukimaliza hilo ndipo tunaingia kwenye umri, hedhi, uzazi, kunyonyesha na maradhi ya ukoo.

Mimi ni radiografa; kazi yangu ni kupiga picha za matiti katika kituo kidogo cha wanawake hapa Mombasa. Watu wakisikia kwamba kila mgonjwa anahudumiwa kwa namna yake, hufikiria viti laini na chai ya tangawizi. Chai ipo, sikatai. Lakini kinachotofautiana hasa ni kipimo chenyewe: mashine gani, lini, kwa mkao upi, na picha ilinganishwe na ipi.

Msichana wa miaka 26 akija na kivimbe, huanza na altrasaundi, si mamogramu, yaani eksirei ya matiti. Titi la kijana kwa kawaida lina tishu nyingi zilizosongamana, na tishu hizo kwenye eksirei hutoka nyeupe. Uvimbe nao hutoka mweupe. Ni kutafuta kipande cha nazi ndani ya tui. Altrasaundi haina mionzi, na mara nyingi hutuonyesha papo hapo kama ni kifuko cha maji au uvimbe mgumu. Msongamano huo haujulikani kwa kushika, wala haufuati umri peke yake. Daktari bingwa wa radiolojia husoma mamogramu na kuupanga kuanzia A, msongamano mdogo kabisa, hadi D, mkubwa kabisa. Mama wa miaka 50 mwenye D anaweza kuongezewa altrasaundi. Jirani yake wa umri huohuo mwenye A kwa kawaida haihitaji.

Je, asiye na dalili yoyote apimwe kila baada ya muda gani? Mwongozo wa Kenya wa 2018 unataka mamogramu kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 55, kisha kila miaka 2 hadi 74. Jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la Marekani liliamua mwaka 2024 kwamba ni kila miaka 2, kuanzia 40 hadi 74. Wataalamu wanavutana hapa kwa sababu kupima mara nyingi hukamata baadhi ya saratani mapema, na papo hapo huongeza hofu na sindano zisizohitajika, zile za kuchukua kipande cha tishu kikapimwe. Aliye na mama au dada aliyeugua mapema huwa haingii kwenye ratiba hizo. Kawaida huanza miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa ndugu yake: mama 45, binti 35.

Picha za kawaida ni 4, mbili kwa kila titi: moja kutoka juu, nyingine ya mshazari inayofika hadi kwapani. Mionzi yote kwa jumla ni takriban milisivati 0.4, kiasi ambacho mwili hupata kutoka kwenye mazingira ya kawaida kwa wiki saba hivi. Titi hubanwa kwa sekunde chache ili tishu zitandazike, mionzi ipungue na picha isitikisike. Wengine huumia, na simwambii mtu kwamba haitauma.

Ile ya mshazari ndiyo yenye kazi. Mama mwenye bega lililokaza hawezi kuinua mkono, basi nashusha mashine imfuate yeye. Naweka sawa nyonga yake kwanza, kisha mkono unalazwa juu ya kishikio, kiwiko kimelegea. Leso yake inabaki imefunika titi ambalo si zamu yake. Nikiona mabega yamepanda hadi masikioni, naacha kubana nimngoje apumue, maana msuli wa kifua ukikaza, sehemu ya nyuma ya titi hubaki nje ya picha.

Kuna wanaopigiwa simu warudi, na hapo ndipo usingizi hupotea. Ripoti huyapanga majibu kwa makundi ya namba. Kundi 0 maana yake picha hazijatosha. Mara nyingi ni tishu zilizolaliana tu. Kundi 3 maana yake uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida utatazamwa tena baada ya miezi 6. Picha za zamani huokoa mengi hapa. Mama mmoja alileta CD ya picha alizopigwa Muscat alipokuwa akikaa kwa mwanawe. Kile kidoa kilichokuwa kikimsumbua daktari wetu kilikuwapo palepale, ukubwa uleule, miaka ya nyuma. Sindano haikuhitajika.

Kwa hiyo njoo na picha zako za zamani, hata kama ripoti ilisema kila kitu sawa. Kama bado unaona hedhi, wiki inayofuata baada ya hedhi ndiyo nzuri, titi haliumi sana. Usijipake deodoranti wala poda siku hiyo. Vipunje vyake huonekana kama chembe za chokaa tunazozitafuta ndani ya titi, maana huweza kuwa dalili ya saratani. Unayenyonyesha, mnyonyeshe mtoto kabla tu ya kuingia. Lakini kama kuna uvimbe unaousikia kwa mkono, usingoje hedhi iishe, njoo sasa. Na mamogramu ikitoka safi huku uvimbe bado upo, usikubali kurudishwa nyumbani bila altrasaundi.