Diski moja, kompyuta nyingi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Bila intaneti, kompyuta haziwezi kutumia diski moja.
Ukweli: Zinaweza. Swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mahali pamoja) na nyaya zinatosha. Intaneti ikikatika, faili zilizo kwenye seva ya ndani, yaani kompyuta inayotunza diski ya wote, huendelea kufunguka.

Dhana: Windows haitasoma diski iliyoandaliwa kwa ext4, mfumo wa Linux wa kupanga faili kwenye diski.
Ukweli: Ukiichomeka moja kwa moja, kwa kawaida haitaisoma. Kupitia mtandao, seva ndiyo inayosoma diski. Kompyuta yako huomba faili tu, kwa SMB au NFS, ambazo ni kanuni za kuomba faili kwenye mtandao. Samba, programu ya seva ya SMB iliyoanzishwa na Andrew Tridgell mwaka 1992, inafanya kazi hiyo hadi leo.

Dhana: Njia zote za kushirikisha diski ni sawa.
Ukweli: Hapa ndipo data za watu hupotea. SMB na NFS hushirikisha faili, na seva moja husimamia uandishi wote. iSCSI, njia nyingine ya mtandao, hukabidhi diski yenyewe, na kompyuta inayoipokea huiona kama mali yake peke yake. Ukiunganisha diski hiyo ya ext4 au NTFS (mfumo wa faili wa Windows) na kompyuta mbili zinazoandika kwa wakati mmoja, kila moja hutunza hesabu yake ya nafasi zilizo wazi bila kujua nyingine imeandika wapi. Zitaharibiana kazi mpaka mfumo wa faili uvurugike. Kibaya zaidi, mwanzoni kila kitu huonekana shwari. Anayelazimika kufanya hivyo atumie GFS2 au OCFS2, mifumo ya faili iliyoundwa kwa ajili hiyo. Kwa ofisi nyingi, naamini SMB inatosha kabisa.

Dhana: Ukiweka SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) kwenye seva, kunakili kutakuwa kwa kasi mno.
Ukweli: Mtandao wa gigabiti 1 haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na diski nyingi za kawaida za leo hufikia kasi hiyo kwa faili kubwa. SSD husaidia faili ndogo zikiwa maelfu.

Dhana: RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ni nakala ya akiba.
Ukweli: Sivyo. Ukifuta faili, imefutika kwenye diski zote papo hapo.

Dhana: Mtandao wa ndani hauhitaji nenosiri.
Ukweli: Hata mtandao wa ndani unahitaji ulinzi. Mei 2017, WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai fidia, ilisambaa kwa kutumia kasoro ya SMBv1 (toleo la kwanza la SMB), ingawa Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi. Zima SMBv1. Asiyehitaji kuandika apewe ruhusa ya kusoma tu, kwa sababu kirusi kikiingia kwenye kompyuta yake, kitaweza kuharibu kila faili anayoruhusiwa kuibadilisha.