Kura ya mwakilishi wadi huanzia pale unapojisajili

Kura ya rais ukiipiga Likoni au Lodwar, uzito wake ni ule ule. Kura ya mwakilishi wadi haiko hivyo. Imefungwa kwenye kituo ulichojisajili, na kila kituo kimo ndani ya wadi moja tu. Kwa hivyo wewe unayekaa Mtopanga, lakini ulijisajili Kongowea kwa kuwa ndiko ulikokuwa ukiuza viazi mwaka ule makarani walipopita sokoni, huna sauti juu ya mtu atakayeulizwa habari za mtaro ulio mbele ya nyumba yako. Unawachagulia watu wa Kongowea mwakilishi wao, na jirani zako ndio wanaokuchagulia wako.

Nafanya kazi ya kuelimisha wapiga kura hapa Mombasa, na kabla yake nilikuwa karani wa uchaguzi kituoni. Katika yote ninayofundisha, hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, kwa sababu siku ya kupiga kura halirekebishiki tena. Mtu amepanga foleni tangu alfajiri, kapewa karatasi zake sita, akiifungua ya wadi anakuta nyuso asizozijua. Hapo huweka alama popote mradi amalize, au hufuata rangi ya chama. Hayo si makosa ya siku hiyo. Yalianza siku aliyojisajili.

Vijana wengi ninaokutana nao hawakuuona mfumo wa zamani. Hadi mapema 2013 Mombasa iliendeshwa na baraza la manispaa. Tulichagua madiwani, na madiwani wenyewe wakamchagua meya. Mwananchi hakuwa na kura ya meya. Katiba ya 2010 iliyaondoa hayo, na tangu uchaguzi wa 4 Machi 2013 gavana tunamchagua wenyewe, na kila wadi inapeleka mtu mmoja katika Bunge la Kaunti. Nchi nzima ina wadi 1,450. Kaunti yetu ina 30: Kisauni saba, Jomvu tatu, na Mvita, Nyali, Likoni na Changamwe tano tano.

Hawa 30 ndio wanaopitisha bajeti ya kaunti, kutunga sheria zake, na kuwahoji mawaziri wa kaunti walioteuliwa na gavana kabla hawajaingia ofisini. Zahanati, chekechea, taka, masoko, leseni za biashara na barabara za mitaani ni mambo ya kaunti. Feri ya Likoni inaendeshwa na Mamlaka ya Bandari, kitambulisho ni kazi ya serikali kuu, na fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ziko upande wa mbunge. Nayatenganisha kwa makusudi, maana nimewasikia watu wakimhukumu mwakilishi wadi kwa foleni ya feri, huku taka zilizorundikana nyuma ya shule ya chekechea hawamuulizi.

Kuna jambo lingine ambalo wachache hulijua. Viti maalumu vya Bunge la Kaunti, vile vya kusawazisha jinsia na vya makundi yaliyotengwa wakiwemo vijana na watu wenye ulemavu, hugawiwa vyama kulingana na idadi ya wadi kila chama kilizoshinda katika kaunti. Ina maana kura yako ya wadi inafanya kazi mara mbili: inamwingiza mtu wako, na pia inaamua chama gani kitateua wengine.

Mwaka 2022 sajili ya Mombasa ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000, na waliojitokeza hawakufika nusu. Hili linaniuma kweli. Mji huu una watu wanaozungumza siasa barazani mpaka usiku wa manane, wanaojua kila mradi uliokwama na kila kandarasi iliyolipwa mara mbili, kisha asubuhi ya kura mlango haufunguliwi.

Kipande kwanza

Ili usajiliwe lazima uwe raia wa Kenya uliyetimiza miaka 18, na uwe na kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya ambayo haijaisha muda. Katiba inawazuia wale waliotangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na waliopatikana na hatia ya makosa ya uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliki, wala cheti cha kuzaliwa.

Kwa hivyo kwa kijana wa Pwani safari huanzia kwenye kipande, yaani kitambulisho, na huku kwetu safari hiyo ina milima yake. Familia nyingi za asili ya Hadhramaut, Ngazija au Pemba zimezoea kuulizwa hati za baba na za babu, na jamii ya Wapemba haikutambuliwa rasmi kuwa raia hadi 2023. Mzazi mwenye mtoto anayekaribia miaka 18 asingoje mwaka wa uchaguzi. Cheti cha kuzaliwa, nakala za vipande vya wazazi, barua ya chifu: vikusanye mapema, ili ukipata kikwazo uwe na muda wa kukiondoa.

Ukishapata kipande, nenda ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unalokaa. Usajili ni wa mwaka mzima. Tume iliufungua tena katika ofisi zake za maeneo bunge tarehe 29 Septemba 2025, na mara kwa mara makarani hutoka kwenda mitaani na sokoni wakati wa usajili wa halaiki. Kisheria husimama siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani 10 Agosti 2027. Usajili haulipiwi. Karani atachukua maelezo yako, alama za vidole na picha, kisha atakuuliza kituo.

Hapo kwenye kituo, tulia. Usiseme "chochote kilicho karibu". Taja jina la wadi unayolala, umuulize karani ni vituo gani vimo ndani yake, kisha uchague. Mipaka ya wadi za Mombasa haifuati majina ya mitaa tuliyozoea. Unaweza kuvuka barabara moja ukawa umeingia wadi nyingine. Mwombe akuoneshe jina la wadi kwenye kifaa kabla hajamaliza. Stakabadhi atakayokupa ihifadhi, ingawa siku ya kura hutaulizwa hiyo.

Wengine huniambia, "Mimi kazi yangu iko mjini, usiku narudi Likoni kulala tu." Pale unapolala ndipo mtoto wako anaposoma chekechea, ndipo zahanati ya usiku ilipo, ndipo taa ya barabarani isipowaka inakuhusu. Isitoshe, siku ya kura ni mapumziko, nawe utakuwa nyumbani. Ukiwa umejisajili Tononoka utalazimika kuvuka, na wengi hawavuki.

Wako pia wanaojisajili mahali kwa sababu kuna mtu amewalipia nauli na chakula wakajaze wadi yake. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Na ukikubali, umewaibia watu wa wadi ile kura yao, na ya kwako umeiacha bila mwenyewe.

Kama tayari umesajiliwa mahali pengine

Usijisajili upya. Kusajiliwa mara mbili ni kosa la jinai. Unachohitaji ni kuhamisha kituo: unakwenda ofisi ya IEBC na kitambulisho chako, unajaza fomu, unachukuliwa alama tena. Kwa anayehama kutoka eneo bunge moja hadi jingine, sheria inataka ombi lifike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa hesabu ya 2027 hiyo ni kabla ya katikati ya Mei, lakini mwenye kungoja Mei atakuta foleni ya waliongoja Mei.

Watu huogopa kwamba wakihama watapoteza kura ya gavana. Ukihama ndani ya Mombasa, gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake hawabadiliki, wala rais. Kutoka Majengo hadi Tudor, ambazo zote ziko Mvita, kinachobadilika ni karatasi moja tu, ya wadi. Kutoka Mvita hadi Kisauni ni mbili, ya wadi na ya mbunge. Aliyesajiliwa bara kwao na ameishi Mombasa maisha yake yote, huyo ndiye anayebadilisha tano, na kwangu mimi ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuhama. Jamaa walioko Ghuba na kusajiliwa hukohuko wajue kwamba kura ya ng'ambo ni ya rais pekee.

Baada ya kuhamisha, hakikisha jina lako liko unapotaka liwe. Kabla ya uchaguzi tume hufungua sajili kwa siku 30 ili watu wakague taarifa zao. Wengi hulipuuza zoezi hili, kisha Agosti wanazunguka shule tatu wakilitafuta jina.

Siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa 11 ikigonga ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Beba hati ile ile uliyojisajilia: aliyetumia pasipoti aje na pasipoti. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na wenye ulemavu hupishwa mbele. Mzee wako asione haya.

Utaweka kidole kwenye kifaa cha KIEMS, kile cha kielektroniki kinachowatambua wapiga kura. Hapa nikae kidogo, kwa sababu Mombasa ina wavuvi, wapasua samaki, wafua nguo na mafundi wa ujenzi ambao alama za vidole vyao zimelika kwa chumvi, sabuni na saruji. Kifaa kikikataa, watu kama hao huinama wakaenda zao, wakidhani wameondolewa kwenye sajili. Usiondoke. Kwanza jaribu vidole vingine. Vyote vikikataa, afisa msimamizi wa kituo anatakiwa akutafute kwa nambari ya kitambulisho, na ukionekana, mbele ya mawakala wa wagombea hujazwa Fomu 32A na unapiga kura yako. Ni haki yako, na fomu hiyo iko kituoni kwa kazi hiyo. Iombe kwa jina lake.

Asiyeona, asiyejua kusoma au asiyeweza kushika kalamu anaweza kuja na mtu anayemwamini, aliyetimiza miaka 18 na asiye mgombea wala wakala. Msaidizi hula kiapo cha kutunza siri, na hasaidii zaidi ya mtu mmoja. Usipokuja na mtu, afisa msimamizi atakusaidia huku mawakala wakishuhudia. Ushauri wangu ni uje na wako, siri yako ibaki nyumbani.

Karatasi zina rangi, na masanduku yana vifuniko vya rangi hizo. Mwaka 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, ya gavana buluu, ya seneta manjano, ya mbunge kijani, ya mwakilishi wa wanawake zambarau, na ya wadi rangi ya maziwa iliyokoza. Hakikisha kila moja ina muhuri wa tume, kisha soma majina na utazame picha kabla ya kuweka alama. Mwaka huo huo uchaguzi wa gavana hapa Mombasa uliahirishwa hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa katika picha na maelezo ya wagombea. Kwa hivyo kutazama karatasi kwa makini si wasiwasi wa bure.

Weka alama moja, ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja. Usiandike jina lako, usitie saini; kura yenye kumtambulisha mpigaji hukataliwa. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, irudishe kwa afisa, mweleze, upewe nyingine. Watu wengi huona aibu kurudi, wakatumbukiza karatasi iliyoharibika.

Kura huhesabiwa pale pale kituoni, mawakala wakiwepo. Matokeo ya wadi huandikwa kwenye Fomu 36A, na nakala yake hubandikwa mlangoni. Ipige picha. Zile za vituo vyote vya wadi ndizo zinazojumlishwa kwenye Fomu 36B kabla mshindi kutangazwa, na tarakimu zikitofautiana, picha ya mlangoni ina kazi. Mwenye malalamiko ana siku 28 tangu kutangazwa kwa matokeo kuwasilisha kesi, na kesi ya mwakilishi wadi husikizwa na hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kwa kazi hiyo, si Mahakama Kuu. Anayeweza kuifungua si mgombea aliyeshindwa peke yake. Mpiga kura wa kawaida pia anaweza.