Elnino si jina la mvua

Mto ukifurika wakati wa vuli, utasikia "Elnino imerudi." Masika yakizidi mwezi wa Aprili, Elnino tena, ingawa uhusiano wake na masika ni mdogo sana. Sisi tunaofuatilia tabianchi na afya ya vijijini tunaona madhara ya kosa hili.

Elnino ni joto la bahari: maji ya juu ya Pasifiki, katikati na mashariki kwenye ikweta, yakipata joto kuliko kawaida kwa miezi kadhaa. Jina lilitoka kwa wavuvi wa Peru. Karibu na Krismasi waliona maji ya vuguvugu na samaki kuadimika, wakaita hali hiyo El Niño, yaani Mtoto Yesu. Walikuwa wakitaja mkondo wa bahari. Huku kwetu jina lilishika na mafuriko ya 1997 na 1998, likageuka kuwa jina la gharika lolote.

Pasifiki ikipata joto, mara nyingi vuli yetu huwa nzito, lakini si kila mara. Tena Bahari ya Hindi ina nguvu yake: upande wetu ukipata joto kuliko kawaida na ule wa Sumatra, huko Indonesia, ukipoa, mvua hutuzidi hata bila Elnino kali. Hali hiyo huitwa Dipoli chanya, na ndiyo iliyotufurikia 2019. Mwaka 1997 zote mbili zilikutana.

Kwa mfugaji hili ni jambo zito. Mayai ya mbu wanaobeba Homa ya Bonde la Ufa hukaa miaka kwenye udongo mkavu wa mabondeni, hadi maji yatuame. Mbu wakishatoka, mbuzi na kondoo wanatupa mimba, kisha anaugua aliyechinja au aliyezalisha mnyama mgonjwa. Garissa waliliona hilo 1997 na 1998. 2006 na 2007 ugonjwa ukafika hadi Dodoma. Chanjo ya mifugo inafaa itangulie, maana mlipuko ukishaanza, sindano inayotoka mnyama mmoja hadi mwingine yaweza kueneza virusi. Sasa mtu aliyeambiwa "mwaka huu hakuna Elnino" atachanja kwa sababu gani?

Kwa hiyo mvua ikiwa kubwa, tuseme mvua kubwa. Na mamlaka ya hali ya hewa ikitoa utabiri wa msimu, tuulize kwanza wilaya yetu imetabiriwa mvua kiasi gani. Habari za Elnino zifuate baadaye.