Shamba la Nabothi na muhuri wa mfalme

Ninafundisha Agano la Kale hapa Mombasa, na sijaona sura inayowagusa wanafunzi wangu kama 1 Wafalme 21. Pwani yetu inazijua kesi za mashamba. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka madai ya ardhi katika ukanda wa maili 10 yasajiliwe, na familia nyingi za Mijikenda zikajikuta maskwota penye makaburi ya mababu zao.

Ahabu, mfalme wa Israeli, alikuwa na nguvu kweli. Maandishi ya Shalmaneseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, yanamtaja katika vita vya Karkari, 853 KK, na kumhesabia magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Mtu huyo ndiye aliyelitamani shamba la mizabibu la jirani yake, alifanye bustani ya mboga! Nabothi akakataa: "Bwana apishe mbali, nikupe urithi wa baba zangu." Torati ilikuwa upande wake, maana Walawi 25:23 yasema nchi ni ya Mungu, haiuzwi kabisa.

Sasa mtazameni Yezebeli, mke wa Ahabu. Hatumi askari usiku. Anaandika barua kwa jina la mfalme, anazipiga muhuri, anaagiza mfungo utangazwe na wazee wa mji waketi. Mashahidi ni wawili, kama torati inavyodai. Shtaka juu ya Nabothi ni kumtukana Mungu na mfalme. Hukumu, kupigwa mawe. Ukilifungua faili hilo, kila karatasi iko mahali pake.

Ahabu hakuandika hata neno moja. Lakini nabii Eliya anapotumwa na Mungu, haendi kwa wazee wala kwa mashahidi. Anamkuta mfalme shambani, ameshuka kulimiliki: "Je! Umeua, ukatamalaki?" Mbele za Mungu, aliyenufaika ndiye anayeitwa kwanza.

Ndiyo maana nawapinga kwa moyo wote wanaosoma Warumi 13, isemayo kila mtu ayatii mamlaka, ili mnyonge anyamaze. Kama mamlaka yametoka kwa Mungu, basi mwenye mamlaka ana wa kumdai hesabu.

Ahabu alivaa magunia, na adhabu ya nyumba yake ikasogezwa hadi siku za mwanawe. Yeye mwenyewe aliuawa Ramoth-gileadi, amejibadilisha mavazi, kwa mshale wa mtu aliyevuta upinde kwa kubahatisha. Miaka ilipita kabla Yehu, jemadari aliyetiwa mafuta awe mfalme, hajamuua Yoramu, mwana wa Ahabu, na kuamuru maiti itupwe katika kiwanja cha Nabothi.

Wanafunzi huniuliza kwa nini Mungu alikawia. Jibu la kuwatuliza sina, ila huwafungulia 2 Wafalme 9:26, anapolikumbuka Yehu neno alilolitamka Bwana juu ya Ahabu: ameiona damu ya Nabothi "na damu ya wanawe." Sura ya 21 haikuwataja wana hao hata kidogo. Warithi waliokuwa na haki ya kulidai shamba waliuawa pia, na aliyewahesabu ni Mungu.