Uvimbe wa puani usio saratani: maswali mliyoniuliza

Daktari, mwaka juzi nilitolewa uvimbe tundu la kulia la pua. Nikaambiwa si saratani, nikarudi zangu Arua nimetua mzigo. Sasa pua imeziba tena upande uleule. Walinidanganya?

Hawakukudanganya, mama. Uvimbe usio saratani hausambai kwenda kwenye mapafu wala ini, lakini kuota tena pale pale unaweza. Tafuta kwanza karatasi ya majibu ya maabara, ile iliyotaja jina la uvimbe. Kama imeandikwa papiloma, hasa ile inayokua kwa kujipindua kuelekea ndani badala ya kuchomoza nje, nenda hospitali wiki hii.

Papiloma hiyo ina shina, na mara nyingi shina liko kwenye ukuta wa pembeni wa pua au kwenye pango la mfupa wa shavu. Kila aliyelima Uganda anaijua lumbugu, nyasi sugu ya shambani: ukiifyeka kwa panga, mvua ya kwanza tu imerudi. Uvimbe huu nao ndivyo ulivyo. Daktari wa upasuaji hana budi kubandua utando wote pale uliposhika, na mara nyingi kusaga na mfupa wa chini yake. Hata kwa upasuaji mzuri wa kamera, kwa wagonjwa kama 15 katika 100 huota tena. Zamani, ulipokuwa ukinyofolewa kupitia tunduni tu, waliorudi walikuwa wengi zaidi. Kurudi kwingi huonekana miaka 2 au 3 ya mwanzo, ila wapo waliokaa salama zaidi ya miaka 5 ndipo ukaota. Kwa hiyo nauli ya kwenda kuchunguliwa pua kwa kamera iweke kwenye hesabu zako za kila mwaka, hata kama hujisikii chochote.

Unaweza kugeuka saratani?

Papiloma hii, ndiyo. Katika wagonjwa 100, kati ya 5 na 15 hukutwa na saratani. Wengine huipata baadaye. Wengine ilikuwa imejificha ndani ya uvimbe uleule tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nasisitiza nyama yote iliyotolewa ipelekwe maabara. Kipande kimoja kinaweza kuwa safi na kile cha jirani kikawa na saratani.

Usingoje miadi ukiona shavu linakufa ganzi, jino la juu linalegea bila sababu, jicho linasukumwa nje, unaona vitu viwili viwili, au uso unauma bila kutulia. Na sigara iache. Imehusishwa na kurudi kwa uvimbe huu.

Mimi nina vinyama pande zote mbili, navyo vinarudi kila mara.

Hivyo huwa ni polipu, vinavyotokana na utando wa pua kuwaka na kuvimba kwa muda mrefu, mara nyingi kwa watu wenye pumu. Vinasumbua na vinarudi sana, lakini havigeuki saratani. Dawa ya kupuliza puani usiiache kwa sababu tu umepata nafuu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinyama cha upande mmoja.

Mwanangu wa kiume ana miaka 14. Pua imeziba upande mmoja na inatoa damu nyingi.

Asikatwe kipande kliniki, tafadhali! Wavulana wa umri huo hupata angiofibroma, uvimbe uliojaa mishipa ya damu, na kuukata ovyo kunaweza kumwaga damu isiyozuilika. Apigwe picha ya CT kwanza, kwenye hospitali ya rufaa. Si saratani, ingawa nao hurudi ukibaki mabaki.

Musawo (daktari), mimi ni seremala, Ndeeba, Kampala. Vumbi la mbao je?

Hilo ni jambo jingine. Vumbi la mbao halihitaji kupitia uvimbe wowote: likivutwa miaka mingi, lenyewe husababisha saratani ya pua. Vaa barakoa inayobana vizuri, na usipige randa ndani ya chumba kilichofungwa. Pua ikiziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, mwambie daktari kazi unayofanya hata kama hajakuuliza.