Horace King, mjenzi wa madaraja: yanayosemwa na yaliyokuwa

John Godwin, mkandarasi wa madaraja Kusini mwa Marekani, alipofariki mwaka 1859, Horace King, aliyewahi kuwa mtumwa wake, alimjengea mnara kaburini wenye maneno ya upendo na shukrani. Kwenye mnara huo imesimama hadithi nzima ya bwana mwema na mtumwa mwaminifu. Mnara upo kweli. Hadithi ndiyo ina matundu.

Wapo wanaodhani King alikuwa kibarua tu. Alizaliwa South Carolina mwaka 1807, na mwaka 1832 alifika na Godwin kwenye mto Chattahoochee kujenga daraja kati ya Columbus, Georgia, na ng'ambo ya Alabama. Miaka ya 1840, akiwa bado mtumwa, alikwisha kusimamia miradi mikubwa Godwin akiwa mbali, hasa ile ya Robert Jemison, tajiri na mwanasiasa wa mji wa Tuscaloosa, Alabama.

Husemwa pia kwamba Godwin alimwachia huru kwa hiari yake, basi. Haikuwa rahisi hivyo. Kisheria, mtumwa aliyeachwa huru Alabama alitakiwa kuhama jimbo, na mkandarasi anayehamishwa hupoteza wateja wote. Ndiyo maana mwaka 1846 bunge la jimbo lilipitisha sheria mahsusi ya kumwacha King huru bila kumtaka ahame, Jemison akiisukuma. Wema ulikuwepo, sikatai. Lakini walikuwepo pia matajiri waliohitaji madaraja.

Je, aliunga mkono majimbo ya Kusini, yaliyotetea utumwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani? Aliyafanyia kazi, ikiwemo kuziba mto dhidi ya meli za adui. Mtu mweusi chini ya serikali ile angekataaje? Mwaka 1865 wapanda farasi wa Kaskazini walichoma madaraja yake. Vita vilipokwisha aliyajenga upya, akachaguliwa pia kuwa mbunge wa Alabama kwa chama cha Republican, chama cha Rais Lincoln aliyeongoza Kaskazini vitani.

Madaraja yake ya mbao yalikuwa na kuta na mapaa, na wengi hudhani mapaa hayo yaliwekwa kuwakinga wasafiri. Yalikinga mbao. Kuta zake zilikuwa mbao zilizopishana kama kimia na kufungwa kwa vigingi. Zikilowa kila mvua, daraja linaoza mapema.

Wala hayajatoweka yote. La Red Oak Creek, Georgia, linalohesabiwa kuwa kazi yake, bado limesimama. La Watson Mill, lililojengwa na mwanawe Washington mwaka 1885, mwaka aliofariki baba, magari yanalipita hadi leo.