Kwotabeki kaangushwa, na wewe tayari una mkosaji

Jumapili simu iliita hata mechi ya futiboli ya Kimarekani haijaisha. Mzazi wa kijana ninayemfundisha: "Kocha, yule gadi wa kulia wamtoe, kaachia saki mbili!" Nikamuuliza amejuaje kuwa ni zake. "Si ndiye alikuwa kasimama pale?"

Nafundisha vijana wa laini, wale watano wanaomlinda kwotabeki (mrusha pasi; gadi ni mmoja wao), hapa Columbus, Ohio, na kila kwotabeki anapoangushwa na mpira mkononi, yaani saki, hili nalisikia kila wiki: saki nyingi, laini mbovu, saki chache, laini nzuri. Limenichosha.

Chukua Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL, ya Februari 2021. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, aliangushwa mara 3 tu. Ukisoma namba hiyo peke yake utasema laini ya Kansas City ilijitahidi. Aliyeitazama mechi anajua Mahomes alikimbizwa usiku kucha kama kuku wa sikukuu. Walinzi wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi, na kwotabeki wao alibanwa mara 29, nyingi kuliko yeyote aliyemtangulia kwenye fainali hiyo. Wakalala 31-9. Saki zilibaki 3 kwa sababu Mahomes ana miguu. Laini ilivuja mwanzo mwisho. (Nasema "walinzi wa pembeni" kwa makusudi, lile jina lao la Kiingereza, tackle, ukiliandika kwa herufi zetu, watoto watacheka.)

Upande wa pili yuko Dan Marino, kwotabeki wa Miami. Msimu wa 1988 alirusha pasi zaidi ya 600 na kuangushwa mara 6 pekee. Miami walikuwa na laini nzuri, sikatai, lakini mpira ulikuwa ukitoka mkononi mwake kabla mlinzi hajapata nafasi ya kukosea. Mpe mpira huohuo kijana anayeganda nao sekunde nne akitafuta wa kumrushia, uone walinzi walewale watakavyoitwa magunia.

Sasa turudi kwa gadi wetu wa Jumapili. Kabla mpira haujatoka, senta, mlinzi wa katikati anayeutoa mpira, alinyoosha kidole kwa lainibeka mmoja (mpinzani anayesimama nyuma ya laini yao) na laini nzima ikahamia kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa amri. Maana yake atakayepenya kulia kwa ndani ni wa raningi beki, mkimbiaji anayesimama karibu na kwotabeki. Raningi beki akamtazama mtu mwingine, lainibeka akapita katikati kama mlangoni kwake. Gadi, ambaye alikuwa amemzuia mtu wake vizuri kabisa, akageuka, akamkuta kwotabeki chini, akampa mkono ainuke. Kamera ikamnasa hapo. Nimegundua kwamba kwa watazamaji wengi, anayemwinua kwotabeki ndiye aliyemuua. Nilimtumia yule mzazi picha za kamera ya nyuma ya goli. Akanijibu: "Basi raningi beki ndiye wamtoe." Nikazima simu.

Ukitaka kumpima mlinzi, acha kufuata mpira. Chagua mtu mmoja umtazame sekunde mbili na nusu za kwanza, miguu kabla ya mikono. Miguu ikikutana au ikipishana, ameshashindwa hata kama hajaguswa. Akiinama kiunoni badala ya magotini, subiri tu. Kituo cha michezo cha ESPN nao kipimo chao cha kumzuia mkimbiza kwotabeki kinaishia hapohapo kwenye sekunde 2.5, na kwa hilo nawaunga mkono. Baada ya hapo lawama huanza kuhamia kwa mwenye mpira.

Alama za PFF, kampuni inayowapima wachezaji? Zisome, lakini usizile kiapo. Kila shambulizi, yaani kila mpira unapochezwa, mchezaji hupewa alama kati ya -2 na +2, na anayezitoa hakuwamo kwenye kikao cha timu kusikia nani alipewa nani.

"Mkubwa zaidi ndiye bora." Jason Kelce alichaguliwa raundi ya 6 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL mwaka 2011 akionekana mdogo kwa senta, kilo 127 hivi. Alistaafu 2024 akiwa ametajwa mara 6 kwenye kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi. Mzazi anayemshindilia mwanawe ugali apate kilo za laini, namwomba kwanza amnunulie kamba ya kuruka.

"Timu inafungwa, basi laini hakuna." Joe Thomas, mlinzi wa pembeni, alicheza mashambulizi 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja, kuanzia 2007 hadi alipoumia mkono 2017, yote akiwa Cleveland, timu iliyoshinda mechi 1 tu mwaka 2016. Leo yumo kwenye ukumbi wa magwiji.

Na wale wanaohesabu adhabu: kumshika mpinzani kupo karibu kila shambulizi, mwamuzi hutupa kitambaa cha njano anapoona kumemnyima mpinzani njia. Mlinzi aliyezidiwa ambaye anashika jezi na kupoteza yadi 10, kwotabeki akabaki mzima, mimi simkaripii. Ninayemkaripia ni anayeondoka kabla ya mpira, tena tukiwa uwanjani kwetu ambako hakuna hata kelele za kumchanganya.